Dari ya riba Kenya, 2016–2019: mkopo uliposhuka bei ukaadimika

Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Benki, na benki za Kenya zikapoteza uhuru wa kujipangia bei ya mkopo. Kuanzia Septemba 14 mwaka huo, riba ya mkopo wa benki haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha msingi cha riba cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne za asilimia. Mwenye akiba naye akapewa sakafu: akaunti yenye riba ilipaswa kumlipa angalau asilimia 70 ya kiwango hicho hicho. Siku chache baada ya sheria kuanza, Benki Kuu ilishusha kiwango chake kutoka asilimia 10.5 hadi 10, kwa hiyo dari ikatua kwenye 14. Kabla ya hapo mkopaji wa kawaida alikuwa akilipa karibu 18, na mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya shamba wala hati ya mshahara alikuwa akilipa zaidi ya 20, akibahatika kusikilizwa.

Dari hiyo ilidumu miaka mitatu na miezi miwili hivi. Novemba 2019 ilifutwa, na aliyetia saini ya kuifuta ni rais yuleyule. Katikati ya saini hizo mbili kuna kisa ambacho kila upande umekisimulia kwa namna inayomfaa: wabunge walisema benki ziligoma kukopesha kwa makusudi, benki zikasema sheria iliua hesabu, Benki Kuu ikasema ilifungwa mikono. Nikivisoma vyote kwa pamoja naona kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kwamba mhusika mmoja mkubwa, yaani serikali kama mkopaji, husahauliwa sana katika masimulizi hayo.

Hasira ilivyokusanyika

Sheria hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2000, mbunge wa Gem, Joe Donde, alipitisha bungeni muswada wa kufunga riba kwa kuifungamanisha na bili za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi ambayo serikali huchukua. Ukaishia mahakamani na haukuwahi kumfaa mkopaji yeyote. Mwaka 2007 kikaanza kutumika kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachosema kwamba mkopo ukishakwama, riba inayodaiwa haiwezi kupita kiasi cha deni lililokuwa limebaki siku ulipokwama. Kifungu hicho ni kizuri na kingali hai, na nashangaa kwamba wakopaji wengi hawakijui hata wanapopigiwa simu na madalali. Lakini humsaidia aliyekwisha kuanguka. Anayelipa kila mwezi bila kukosa hapati chochote kwacho.

Julai 2014 ikaja njia ya upole: kiwango cha pamoja cha marejeo kwa benki zote, kilichojulikana kama KBRR, kikaanza kwa asilimia 9.13. Kila benki ilitakiwa kumwonyesha mkopaji kiwango hicho, kisha nyongeza yake juu yake, na sababu za nyongeza. Wazo lilikuwa kwamba mkopaji akiona nyongeza ya benki moja ni 6 na ya nyingine ni 9, atahama. Kwa kweli ni wachache waliohama. Kuhamisha mkopo kulidai ada ya mawakili, ukaguzi mpya wa dhamana na faini ya kulipa mapema, na nyongeza yenyewe ilielezwa kwa maneno ambayo hata mhasibu angeyasoma mara mbili.

Kisha 2015 ikaharibika. Shilingi ilidhoofika, Benki Kuu ikapandisha kiwango chake, na Oktoba mwaka huo bili za Hazina za siku 91 zilipanda hadi kupita asilimia 20. Watu waliokuwa na mikopo yenye riba inayobadilika walipokea barua za kuarifiwa kwamba malipo yao ya mwezi yameongezeka. Bili zilipotulia mwaka uliofuata, barua za kushusha hazikuja kwa kasi ile ile. Hapo ndipo benki zilipojichimbia kaburi, kwa maoni yangu. Zilikuwa miongoni mwa benki zenye faida nene kuliko zote Afrika, na zikawa hazina mtetezi hata mmoja mitaani. Muswada wa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini, ulipofika bungeni, ulipita kwa shangwe. Rais, katika taarifa yake ya siku ya kutia saini, alisema wazi kwamba wananchi wamechoshwa na gharama ya mikopo na kiduchu wanacholipwa kwa akiba zao.

Nani alipata nafuu

Tuanze na aliyefaidika, kwa sababu alikuwepo na wakosoaji wa sheria humpita haraka.

Mwalimu au muuguzi mwenye mkopo wa shilingi milioni 1 wa miaka mitano kwa asilimia 18, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, hulipa takriban shilingi 25,390 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 analipa kama 23,270. Tofauti ni zaidi ya shilingi 2,100 kila mwezi, na kwa miaka mitano inakaribia 127,500. Hiyo ni karo, ni bima, ni mabati. Benki kubwa zilikubali kushusha hata mikopo iliyokuwa tayari inaendelea, kwa hiyo kwa mwenye mkopo mkononi Septemba 2016 ilikuwa kama amepandishwa mshahara bila kuomba.

Tazama ni nani huyo. Ni mtu aliyekuwa tayari amevuka mlango wa benki. Mshahara wake hukatwa moja kwa moja kabla haujamfikia, mwajiri wake hafungi duka ghafla, na benki ina historia yake. Mtu wa namna hiyo, kwa bei ya 14, bado ni biashara nzuri.

Hesabu ya mkopo wa shilingi 50,000

Sasa geuka kwa mwenye kibanda cha nguo za mitumba anayetaka shilingi 50,000 kwa mwaka mmoja. Kwa asilimia 14, malipo yake ya mwezi ni kama 4,490, na riba yote ya mwaka mzima ni karibu shilingi 3,870. Hicho ndicho kikapu kizima cha benki.

Kutoka humo benki inamlipa mwenye akiba. Sakafu ilikuwa asilimia 70 ya 10, yaani 7, ambayo ni nusu kamili ya 14. Kama fedha zilizokopeshwa zimetoka kwenye akaunti yenye riba, nusu ya mapato imekwenda: zimebaki shilingi 1,930 hivi. Chukulia kwamba kati ya wakopaji mia wa namna hii, watano wanashindwa kulipa wakiwa wamefika nusu ya deni. Hasara hiyo ikigawanywa kwa wote mia ni shilingi 1,250 kwa kila mkopo. Zimebaki kama 680. Kwa 680 benki imlipe afisa wa mikopo aliyekwenda sokoni kuona kama kibanda kipo, ilipie taarifa ya CRB (shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji), ilipie kodi ya tawi, umeme, mlinzi, halafu ipate faida.

Mkopo wa shilingi milioni 5 kwa masharti hayohayo huleta riba ya karibu 387,000. Baada ya kumlipa mwenye akiba, inabaki zaidi ya 193,000, na kazi ya afisa si mara mia zaidi. Ni faili moja, ziara moja, saini zilezile.

Namba za wasiolipa ni za mfano, nimeziweka mwenyewe ili hesabu ionekane. Lakini mwelekeo wake ndio uliotokea. Utafiti wa Benki Kuu uliotolewa Machi 2018 ulionyesha kwamba baada ya dari, idadi ya akaunti za mikopo ilipungua huku wastani wa ukubwa wa kila mkopo ukipanda. Maana yake si ngumu: mikopo midogo ilikatwa, mikubwa ikabaki. Benki zikaanza pia kuegemea ada na tozo ambazo si riba, maana hizo dari haikuzigusa moja kwa moja.

Kabla ya 2016, benki ilipomwona mkopaji wa hatari ilimwambia "njoo, lakini utalipa 24." Hiyo ni bei ya kuumiza, nami siitetei. Baada ya 2016 jibu lilikuwa fupi zaidi: "ombi lako halikufanikiwa." Na jibu hilo halionekani popote kwenye takwimu za wastani wa riba. Wastani ulishuka vizuri kabisa, kwa sababu waliokuwa wakiupandisha walikuwa wametolewa nje ya hesabu.

Mkopaji asiyeshindwa kulipa

Benki hazikukaa na fedha bila kazi. Serikali ya Kenya ilikuwa ikikopa kwa wingi ndani ya nchi kuziba pengo la bajeti, na hatifungani zake za muda mrefu zililipa kati ya asilimia 12 na 13 katika kipindi hicho. Pima: 14 kwa mwenye kibanda ambaye huenda asilipe, au 12 na ushee kwa Hazina ambayo hulipa siku ya ahadi, haihitaji afisa wa kuitembelea, na kanuni za mtaji wa benki huihesabu kuwa haina hatari. Sidhani kuna meneja wa fedha, mwema au mwovu, ambaye angechagua kinyume.

Kabla ya dari, pengo kati ya bei ya kumkopesha Mkenya wa kawaida na bei ya kuikopesha serikali lilitosha kulipia usumbufu. Dari ililibana pengo hilo kutoka juu. Hakuna aliyelibana kutoka chini. Bunge lililopitisha dari ndilo hilohilo lililokuwa likipitisha bajeti zenye nakisi, na sijaona kumbukumbu ya mbunge aliyesimama kusema kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Mkopaji mkubwa kuliko wote nchini akapata mnada wenye wanunuzi wengi zaidi, na akapata hivyo kwa jina la kumtetea mama mboga.

Usukani uliogeuka

Sehemu ya kisa hiki ambayo mimi huiona ya ajabu zaidi inahusu Benki Kuu yenyewe. Kwa kawaida Kamati ya Sera ya Fedha ikitaka kuchangamsha uchumi hushusha kiwango chake. Fedha inakuwa rahisi, benki zinakopesha zaidi, watu wananunua, viwanda vinaajiri. Ikitaka kutuliza mfumuko wa bei, hupandisha.

Chini ya dari, kushusha kiwango kulishusha na dari yenyewe. Machi 2018 kiwango kilipunguzwa hadi 9.5, dari ikawa 13.5. Julai kikapunguzwa hadi 9, dari ikawa 13. Kila punguzo lilimtoa nje mkopaji mwingine aliyekuwa ukingoni, yule ambaye kwa 14 alikuwa ameponea. Kwa hiyo hatua ya kulegeza ilikuwa na hatari ya kukaza. Na kama kamati ingepandisha kiwango ili kutuliza bei za bidhaa, ingekuwa inafungulia benki nafasi ya kukopesha zaidi wakati ambapo inataka zipunguze. Gavana Patrick Njoroge alipinga dari tangu ikiwa muswada, na hili lilikuwa mojawapo ya hoja zake nzito. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo liliishupalia. Mpango wa dharura wa dola bilioni 1.5 ambao Kenya ilikuwa nao ulimalizika Septemba 2018 bila kuongezwa, na dari ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokosa mwafaka.

Lakini tusiibebeshe dari kila mzigo

Mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka katika 2014. Katikati ya 2017 ukuaji ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 2. Ukiweka tarakimu hizo mbili pamoja na saini ya Agosti 2016 katikati, unapata hoja tamu sana dhidi ya dari. Wapinzani wa sheria waliitumia hivyo.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya mporomoko ilitangulia saini. Kufikia katikati ya 2016 ukuaji ulikuwa tayari umeteremka chini ya asilimia 10. Benki tatu zilikuwa zimefungwa ndani ya miezi tisa: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba 2015, Chase Bank Aprili 2016. Baada ya hapo wakaguzi wa Benki Kuu walikuwa wakali, benki zikalazimishwa kukiri mikopo isiyolipwa ambayo awali ilifichwa kwa kupangwa upya, na benki ndogo zikaanza kukosa amana kwa kuwa watu walikimbilia kubwa. Mwaka 2017 ukaleta ukame, uchaguzi wa Agosti, kufutwa kwa matokeo ya urais na Mahakama ya Juu, na marudio ya Oktoba. Mfanyabiashara gani angekopa kupanua duka katika miezi hiyo? Dari ilikuta moto umeshawaka. Iliuongezea kuni na kuzuia usizimike haraka. Anayesema ndiyo iliyouwasha anaruka mwaka mzima wa ushahidi.

Mwenye akiba alivyopitwa

Sakafu ya akiba ilikuwa na maneno "akaunti yenye riba," na benki zikayasoma kama mawakili wanavyosoma. Akaunti nyingi za akiba zikageuzwa kuwa za miamala ya kawaida, ambazo hazina riba, kwa hiyo sakafu haikuzihusu. Mwenye shilingi 20,000 hakuona tofauti yoyote. Mwenye milioni 10 aliyejua kujadiliana alikuwa anapata kiwango kizuri hata kabla ya sheria. Bunge liliondoa sakafu hiyo katika Sheria ya Fedha ya 2018 na sikumbuki kilio chochote cha umma. Kuifuta dari yenyewe wabunge walikataa mwaka huo, ingawa Waziri wa Fedha Henry Rotich alikuwa ameomba ifutwe.

Walikokwenda waliokataliwa

Wenye bahati walikwenda kwenye sako, yaani vyama vya akiba na mikopo. Sheria haikuzihusu sako, na nyingi kati yake zilikuwa tayari zikikopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, chini ya dari bila kulazimishwa na mtu. Siri yake iko kwa wadhamini: wenzako wameweka akiba zao rehani kwa ajili yako, kwa hiyo hasara ni ndogo na kukukagua ni bure, maana wanakujua. Sako hukopesha kwa kadiri ya akiba yako, hata hivyo, na kwa asiye na akiba haikuwa jibu.

Wengine walikwenda kwa mashailoki, wanaotoza kwa mwezi kile benki hutoza kwa mwaka na kushikilia kitambulisho chako au televisheni.

Wengi zaidi walitoa simu mfukoni. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia M-Pesa, ilikuwa imeanza Novemba 2012, ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mkopo wa shilingi 1,000 uligharimu 75, kiasi ambacho hakikumshtua mtu. Kwa mwaka, mtu akikopa na kulipa kila mwezi, hiyo ni asilimia 90. Dari haikuigusa kwa sababu tozo hiyo iliitwa ada ya huduma, haikuitwa riba. Programu za simu kama Tala na Branch, ambazo hazikuwa benki, zilikuwa nje ya sheria kabisa na hakuna aliyezisimamia. Januari 2019 ikaja Fuliza, ya kumalizia muamala pale salio la M-Pesa linapokosekana, kwa ada ya kila siku. Tuseme basi nchi ilikuwa na sheria iliyomkataza mkopeshaji kutoza 15 kwa mwaka, na soko lililotoza 90, na mlalahoi alikuwa upande gani kila mtu alijua. Mikopo ya simu ingekua hata bila dari, ilikuwa inakua tayari. Dari iliiongezea wateja waliokuwa wameambiwa "halikufanikiwa."

Usimamizi wa wakopeshaji hao wa kidijitali ulifika mwishoni mwa 2021, Sheria ya Benki Kuu iliporekebishwa ili wasajiliwe na kupewa leseni. Hilo lingefaa kufanywa kabla ya dari.

Kufutwa, na kilichofuata

Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kifungu cha 33B, chenye dari, kinakiuka katiba kwa kutoeleweka. Kilitaja kiwango cha msingi cha Benki Kuu bila kusema ni kipi, wakati sokoni kulikuwa na kile cha Kamati ya Sera na kile cha KBRR. Wala hakikufafanua vizuri mkopo unaohusika. Benki Kuu ilikuwa imelitatua suala hilo kwa waraka wake mwaka 2016, lakini waraka si sheria. Majaji walilipatia bunge miezi 12 kurekebisha.

Oktoba Rais Kenyatta akaurudisha Muswada wa Fedha bungeni akitaka dari iondolewe. Kumpinga kulihitaji kura za thuluthi mbili, yaani wabunge 233, na Novemba 5 idadi hiyo haikupatikana ukumbini. Siku mbili baadaye dari ikafa. Sheria ya kuifuta iliwalinda waliokopa wakati wake: mikataba yao iliendelea kwa riba ileile hadi mwisho wa muda wake.

Riba haikuruka siku iliyofuata kama ilivyohofiwa. Benki zilitakiwa kupeleka Benki Kuu fomula za kupanga bei kwa kadiri ya hatari ya kila mkopaji, idhini zikachelewa, kisha janga la Uviko likaingia, na wastani wa riba ukakaa karibu na 12 kwa zaidi ya miaka miwili. Wenye vibanda waliendelea kungoja, safari hii bila dari ya kulaumu. Riba ilianza kupanda kwa dhati pale Benki Kuu ilipopandisha kiwango chake, kikafika asilimia 13 Februari 2024, sawa na kile ambacho kilikuwa dari yote miaka michache nyuma. Mikopo mipya ikapita 16, bili za Hazina nazo zikalipa karibu hivyo hivyo, huku mtu aliyechukua mkopo wa nyumba mwaka 2018 kwa masharti ya dari akiendelea kulipa 13.